Puli Iliyotoboa Benzi ya Meja

Mwanangu Rehema,

Mambo ya safari mama yako ameyamaliza. Amekwisha kukuambia habari za sweta na baridi ya Nairobi, na habari za kutomwachia mtu mkoba wako pale mpakani Busia hata akiwa na sura ya malaika. Hapo sina la kuongeza. Sasa hivi mko Kisugu mnamuaga babu yako na mama zako wadogo, na nyumba yetu hii ya Naguru imekuwa kimya mchana huu mpaka nasikia maji yakidondoka bombani. Nimevuta meza dirishani nikakaa kuandika. Kusema nawe uso kwa uso nilijaribu jana, nikaishia kukuuliza kama umekula.

Siku ile uliposema jikoni kwamba umepata nafasi ya kusomea mitambo, mama yako alipiga vigelegele hadi mke wa koplo jirani akaja mbio kuuliza nani anaolewa. Mimi niliweka kikombe chini nikatoka nje. Uliniona. Baadaye ulimwambia mama yako, "Baba hataki kwa sababu mimi ni msichana." Hapana, mwanangu. Nilitoka kwa sababu ya maneno uliyoyasema. Ulisema mtafundishwa kutafuta chanzo cha mashine kuharibika, na madhara yanayofuata baada ya hapo. Kazi hiyo niliwahi kuifanya mimi, polisi nisiyejua kufungua hata nati ya baiskeli. Sijawahi kukusimulia. Nimekuwa nikiibeba kama mtu aliyepigwa kofi gizani na bado ameshika shavu, hajui mkono ulitoka wapi.

Unakikumbuka kile kiwanda cha sabuni kule chini karibu na reli? Tulikuwa tukipita pale ukiziba pua kwa harufu ya mbegu za pamba. Wahindi walipofukuzwa, wenyewe waliondoka na sanduku mkononi, na kiwanda akapewa Meja mmoja. Jina lake siliandiki kwenye karatasi hii kwa sababu utavuka nayo mpaka, na sitaki ikuponze. Alikuwa mmoja wa wale tuliokuwa tukiwaita mafuta mingi: jana alikuwa kambini anakula posho kama sisi, leo ana kiwanda, nyumba mlimani na Benzi nyeupe. Sabuni aliyoijua ilikuwa ile ya kuogea tu. Lakini alijua kwamba mji mzima ulikuwa unaililia, na kambi za jeshi pia.

Kazi ya pale ilikwenda kwa mtambo mmoja mkubwa wa kukamua mafuta kwenye mbegu. Ukisimama huo, hakuna mafuta, na bila mafuta hakuna sabuni. Ulianza kusimama. Mara leo, mara wiki ijayo. Kila ukisimama Meja alikuja mwenyewe na askari wake, anafoka, anaondoka, mtambo unawashwa tena.

Halafu siku moja asubuhi alifika, Benzi ikaegeshwa ukutani kwenye kivuli, yeye na dereva wake wakashuka, naye akaenda kujisaidia. Hakuwa amefika mlangoni pa choo aliposikia mlio kama bomu. Puli ya mtambo, lile gurudumu zito la chuma linalovutwa na mkanda, lilikuwa limeng'oka likiwa katika mwendo wake wote. Lilipasua dirisha la kiwanda, likaruka nje, likatua juu ya Benzi. Liliingia kwa paa likakaa kwenye kiti chake. Kiti chake hasa, Rehema, kile cha nyuma alichozoea kukalia. Nililiona kwa macho yangu. Lilikaa pale limetulia kama abiria.

Kwa bahati watu wa kiwandani hawakuumia. Lakini Meja hakuona bahati. Alisema wametaka kumuua. Na wakati ule, mtu kama yeye akisema wametaka kumuua, kilichobaki ni kuandika majina.

Nikaitwa mimi. Kwa nini mimi, mpaka leo sijui vizuri. Nilikuwa Inspekta wa upelelezi, nilikuwa Mlango, yaani mtu wa kabila la Lango, kutoka Lira, na Walango na Waacholi katika vikosi walikuwa wakipungua kila mwezi bila kuagana na mtu. Nadhani Meja alijua kwamba mtu wa aina yangu angeogopa kurudi mikono mitupu.

"Inspekta," aliniambia, amesimama kando ya gari lake lililotobolewa, "mimi hapana taka hadithi. Mimi nataka mtu."

"Ndiyo, afande."

"Ukipata mtu, uje. Usipopata, uje pia. Tutaona."

Miaka yangu yote ya polisi nilikuwa nikifika mahali na neno moja mdomoni: nani? Nani ameiba, nani amepiga, nani alionekana. Nikaingia kiwandani nikiwa na neno hilohilo. Wafanyakazi walikuwa wamesimama wameegemea ukuta, na ukimya wao ulikuwa wa watu wanaosikiliza kama gari linakuja. Mhandisi wao, Lubega, Muganda mmoja mrefu aliyekuwa amesomea kazi hiyo Ulaya, alikuwa amekaa juu ya debe lililopinduliwa, miwani mkononi. Nikamuuliza, "Nani amefanya hivi?"

Akasema, "Ssebo, bwana wangu, ukianza na hilo, utapata jibu haraka sana, na litakuwa la uongo. Niulize ni nini."

"Haya. Ni nini?"

Akanyanyuka. Akanionyesha shafti, ule mhimili wa chuma unaobeba puli, mnene kama paja la mtu. Ulikuwa umekatika kama muwa. "Puli imeruka kwa sababu hii imekatika," akasema. "Sasa niulize kwa nini imekatika." Nikamuuliza. Akanipeleka kwenye beringi, pale shafti inapolala na kuzunguka. Chuma kilikuwa kimeungua kikageuka buluu, kikashikana. "Hii iliganda. Mtambo ukaendelea kuvuta, shafti haina pa kuzunguka, ikajikunja mpaka ikakatika. Niulize kwa nini iliganda." Akachovya kidole mle ndani akanipakaza mafuta kiganjani. Yalikuwa meusi, na nilipoyasugua yalinikwaruza kama mchanga. Yalikuwa mafuta machafu yaliyokwisha kutumika kwenye malori ya jeshi, yamejaa vumbi la chuma. Mapipa ya mafuta mazuri waliyoyaacha Wahindi, Meja alikuwa ameyauza.

Tulikwenda hivyo sisi wawili, kwa nini baada ya kwa nini. Kwa nini umeme haukujikata mtambo ulipoanza kulemewa? Kwa sababu mahali pa fyuzi palikuwa na waya mnene. Kwa nini? Kwa sababu fyuzi ilikuwa ikikatika kila mara, ndiyo kazi yake, na Meja alikuwa amesema mashine isizime tena. Lubega alikuwa ameufunga waya ule kwa mikono yake huku askari amemsimamia. Na kwa nini aliyekuwa zamu hakuuzima mtambo kwa swichi? Hapo Lubega alimwita msimamizi wa zamu, mama mmoja wa makamo waliyemwita Nnalongo kwa kuwa alikuwa na mapacha. Nnalongo alisema alisikia beringi ikilia tangu alfajiri. Alijua. Lakini mara ya mwisho alipouzima mtambo bila ruhusa alipigwa vibao mbele ya wanawake wenzake.

"Mkono ulifika kwenye swichi, ssebo," akaniambia. "Ulifika. Nikaurudisha."

Sijui nikuelezeje nilivyojisikia siku ile. Ungefikiri niliogopa. Niliogopa, ndiyo, lakini zaidi nilishangaa, tena karibu kwa furaha. Sikuwa nimewahi kuona jambo likijifungua namna ile, kila kipande kikikuonyesha kilicho nyuma yake, bila kumtisha wala kumpiga mtu. Nilijiona nimepata kitu kisichoweza kukanushwa. Nilidhani kwamba mtu yeyote mwenye akili, akiwekewa jambo lile mbele yake kwa utaratibu ule, atalazimika kuona kwamba hapakuwa na muuaji. Palikuwa na mtambo uliochoshwa na kulishwa taka.

Ndivyo nilivyodhani. Sikiliza kilichotokea.

Nilimweleza Meja palepale uani, wafanyakazi wamepangwa mstari. Nilikuwa nimejipanga vizuri. Sikutaja jina hata moja. Yale mapipa niliyapita mbali, nikasema tu mafuta hayakuwa mazuri. Puli, shafti, beringi, mafuta, waya, swichi. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono nyuma, anatikisa kichwa polepole kama mtu anayefurahia mahubiri. Nikamaliza. Nikaanza kupumua.

"Vizuri sana," akasema. "Vizuri sana, Inspekta. Kumbe walikuwa watatu."

Sikuelewa. Nasema kweli, mwanangu, nilisimama pale nikajiuliza watatu gani.

Akawageukia wafanyakazi. "Nani alifunga waya?"

Lubega alivaa miwani yake akapiga hatua mbele. Angefanya nini? Kila mtu alijua.

"Nani alikuwa kwa swichi?"

Nnalongo akatoka.

"Nani anatia mafuta?"

Hapo alijitokeza mtu ambaye nilikuwa hata sijamhoji. Jina lake Juma. Alikuwa mtu mfupi, kijana bado, mwenye kofia ya kufuma kichwani na kopo la mafuta mkononi, lile lenye mdomo mrefu. Aliinua mkono, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa kupokea sifa. "Mimi, afande. Mtia mafuta ni mimi."

Meja alisema neno moja kwa lugha yao, na askari wakawapandisha wote watatu kwenye lori lililokuwa getini.

Rehema, nimeona maiti. Nimeona mambo barabarani katika mji huu ambayo nilimficha mama yako. Lakini hakuna kilichowahi kunipiga kama dakika ile. Nilikuwa nimeandaa sababu, na yeye, pale niliposema sababu, alisikia mtu. Kila niliposema "kwa sababu", alikuwa anahesabu kichwa. Jambo zuri kuliko yote niliyopata kufanya kazini lilikuwa limegeuka orodha ya kukamata mbele ya macho yangu, na mdomo uliokuwa umeisoma ni huu wangu.

Juma, akiwa juu ya lori, alikuwa bado na kopo. Aliinama akamwita mwenzake mmoja aliyekuwa kwenye mstari. "Njoo ushike hili. Usiliweke juani, mafuta yatalegea." Alidhani anakwenda kuulizwa maswali halafu anarudi. Askari alilipiga kopo likaanguka.

Sijui nguvu nilizipata wapi. Nilimfuata Meja aliyekuwa anaelekea getini, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Afande, nimekupa chanzo tu. Sijakupa matokeo."

Akasimama. "Matokeo gani?"

"Ya lori hilo kuondoka."

Nikamwambia: shafti mpya itakuja, sawa, lakini lazima ilazwe sawasawa kwa kipimo cha unywele, na katika mji huu wote aliyebaki kuijua kazi hiyo ni Lubega. Akienda yeye, mtambo umekufa. Mtambo ukifa, sabuni hakuna. Na sabuni ile imeahidiwa kambini. Wiki mbili bila sabuni, wake wa askari watasema. Maneno ya wake wa askari yatafika juu. Na kule juu, nikasema, kule juu kabisa, wao nao hawatataka hadithi ya beringi. Watauliza nani ana kiwanda.

Nilimwona akibadilika. Macho yake yalikwenda kwenye Benzi, yakarudi kwangu. Nilikuwa nimemwekea mbele yake hofu ileile aliyotuwekea sisi, naye aliitambua mara moja, kama mtu anayekutana na jirani.

"Mshushe yule wa miwani," akamwambia askari.

Lubega akashuka. Akakaa chini vumbini.

"Na mwanamke?"

Nikasema wanawake wa zamu wanamsikiliza Nnalongo peke yake. Akienda, nusu yao kesho hawatakuja, na anayejua kupima magadi wakati sabuni inapikwa ni yeye. Hilo la pili sikuwa na hakika nalo, lakini nililisema kwa uso wa kiaskari.

"Mshushe."

Kisha akanyoosha kidole. "Na huyu?"

Mwanangu, nilitafuta. Kichwa changu kilikimbia kwenye ule mtambo wote, kutoka mwisho hadi mwanzo, kikitafuta kitakachosimama Juma asipokuwepo. Nikasema, "Huyu anatia mafuta, afande. Mafuta ndiyo uhai wa..."

"Kutia mafuta ni kazi gani? Hata huyu anaweza." Akamwonyesha askari mmoja, na yule askari akacheka.

Ilikuwa kweli. Yeyote angeweza. Na mimi nikaona nimeishiwa, nikasema kitu cha pekee kilichobaki. "Ana watoto, afande."

Sikujua hata kama anao. Meja alinitazama kwa utulivu, akauliza kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Inspekta, wewe mtu wa wapi?"

"Lira, afande."

"Ahaa," akasema. Na mimi nikaacha kumtetea Juma.

Lori likaondoka. Juma alikuwa ameketi ubavuni, mikono juu ya magoti, anatazama huku na huku kama mtu aliyepanda gari kwa mara ya kwanza.

Niliporudi nyumbani jioni ile wewe ndiye uliyeniletea maji ya kunawa. Ulikuwa umeweka kipande cha sabuni kando ya beseni, kipande chembamba tulichokuwa tukikibania. Ukaniuliza, "Baba, umemkamata mwizi?" Nikasema hapakuwa na mwizi. Ukasema, "Sasa siku nzima ulikuwa unafanya nini?" Ulikuwa unauliza tu, kama mtoto. Sabuni sikuigusa. Mama yako aliona. Ulipokwisha kutoka, nilimweleza yote. Asubuhi alijitanda leso akaenda Bukoto kumtafuta mke wa Juma. Alimkuta. Anaitwa Zuhura. Walikuwepo watoto kweli, na mdogo kabisa alikuwa mgongoni. Mama yako alimwambia asiende kuuliza kwenye mageti, kwa sababu wanawake waliokwenda kuuliza nao walikuwa hawarudi. Akamsaidia kufunga mizigo, na Zuhura akaenda kwao Masindi na watoto.

Unataka kujua mtambo ulikuwaje? Hilo ndilo lililonimaliza. Lubega aliweka shafti mpya, akawasha, na mtambo ukaenda. Nilitumwa kushuhudia. Yule askari aliyecheka ndiye aliyekuwa na kopo. Nilisimama pale nikisubiri ulie, ukwame, utoe hata moshi kidogo. Ulikwenda vizuri kabisa. Ulizunguka kwa sauti laini, mafuta yakatiririka, wanawake wakakata miche ya sabuni. Mtu alikuwa ametolewa duniani, na chuma hakikugundua. Nilitoka nje.

Lubega hakukaa. Siku moja alikwenda mazishini upande wa Tororo na mkewe na watoto, akapitiliza hadi ng'ambo ya mpaka. Miezi michache baadaye beringi ileile iliungua tena, kwa mafuta yaleyale, na safari hii hapakuwa na mtu wa kuitengeneza. Meja hakumuuliza mtu nani. Alikuwa amekwisha kupewa kiwanda kingine. Nnalongo na wenzake waliikuta milango imefungwa kwa mnyororo. Mimi niliomba kuhamishiwa trafiki. Wenzangu walinicheka, Inspekta wa upelelezi anasimama kwenye mzunguko wa magari anapiga filimbi. Waache wacheke, nilisema. Barabarani mtu akigonga mti, mti haupelekwi popote.

Nawe unakwenda kujifunza kazi hiyo kwa vitabu, pamoja na vipimo ambavyo Lubega angelia kwa furaha kuviona. Sikukatazi, wala sikuonyi uiogope. Ile nusu siku niliyotembea naye kutoka puli hadi kwenye mapipa, nikiuliza kwa nini, ni moja ya siku nilizokuwa na akili timamu kuliko zote. Nataka tu uangalie uso wa yule unayempelekea jibu. Utafika mahali mtambo umevunjika, na watu wameegemea ukuta, na mkubwa anakuharakisha. Kabla hujafungua mdomo, jiulize atayafanya nini maneno yako. Mimi sikujiuliza. Nilikuwa nimefurahi mno kwamba nimeelewa.

Na ukihesabu hasara, kama mlivyoambiwa mtahesabu, saa zilizopotea na mali iliyoharibika, hesabu na yale ambayo mtambo hauyahisi. Siku ile mimi niliyajua matokeo ya kumkosa mhandisi, nikayajua ya kumkosa msimamizi, nikayasema vizuri hata Meja akatetemeka. Ya kumkosa Juma yalikuwa Bukoto, mgongoni mwa Zuhura, na sikuwa na neno la kuyafanya yasikike.

Sasa lile la mwisho, ambalo ndilo limenifanya niandike leo.

Mizinga ilipokaribia na wale wakubwa wakakimbia, Meja naye alikimbia, wengine wanasema kaskazini, wengine wanasema amejificha hapahapa. Uliwaona askari wa Tanzania walivyoingia. Unakumbuka tulivyoshangaa, wametusimamisha barabarani wanatuambia "tafadhali" na "samahani mzee" kwa Kiswahili, lugha ambayo kwetu kwa miaka mingi ilikuwa ya kuambiwa lala chini. Siku ile waliyoyafungua magereza, nilikwambia nakwenda kutafuta sukari. Nilikwenda kwenye lile jengo ambalo mji mzima ulikuwa ukilipita ukitazama upande wa pili. Watu wachache walitoka. Nilisimama mpaka wakaisha. Niliita jina la Juma mlangoni, sauti ikaingia ndani, haikumrudisha mtu.

Juzi, ulipokuwa sokoni, Zuhura alikuja. Ametoka Masindi peke yake. Nilimkaribisha, akakaa pale unapokaa wewe, akakataa chai. Akasema, "Baba Rehema, nimekuja kuuliza. Zamani mlinikataza kuuliza, nikatii. Sasa nauliza."

Nikaanza. Na unajua nilianzaje? Nilianza na puli. Nikaingia kwenye shafti, nikaeleza beringi, nikasema habari za mafuta machafu, nikamwambia hapakuwa na kosa la Juma hata chembe, kwamba chanzo hasa kilikuwa...

Akainua mkono. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu.

"Sikukuuliza kilichovunja mashine," akasema. "Nakuuliza nani amemchukua mume wangu."

Miaka yote hii, Rehema, nilikuwa nimelikimbia neno lile. Nilijifunza kiwandani kwamba ni neno la watu wabaya na wavivu, nikajificha nyuma ya mafundisho ya Lubega kama mtu aliyejificha nyuma ya pazia. Shafti ilikuwa na kwa nini. Lakini Juma hakukatika kama shafti. Alipandishwa kwenye lori na mikono ya watu, na watu wale wana majina.

Nikayataja. Jina la Meja nililitamka kwa sauti ndani ya nyumba hii kwa mara ya kwanza, na nilijikuta nikitazama dirishani. Nikataja jina la dereva wa lori. Nikataja la yule askari aliyefunga mlango wa lori na la yule aliyecheka, kwa sababu nilikuwa nimeyauliza baadaye nikayaweka kichwani. Zuhura alikuwa akiyarudia polepole baada yangu, midomo inacheza, kama mtoto wa madrasa anayehifadhi.

"Na nani mwingine alikuwepo?"

"Mimi," nikasema. "Nilisimama karibu naye kama hivi tulivyo."

Nilidhani atanitemea mate, na ningekaa tuli. Akasema, "Maneno haya utayasema mbele ya watu?"

Serikali mpya imefungua ofisi ya kupokea habari za waliopotea. Wanaokwenda bado ni wachache. Jirani zetu wengine walikuwa upande wa Meja, na wapo, na bunduki nyingine zimelala chini ya vitanda; unaisikia milio. Mama yako anajua. Amesema niende. Nimekuambia ili usije ukasikia jina la baba yako huko Nairobi kutoka kwa mtu mwingine, kwa namna yoyote litakavyosikika.

Nilimwambia Zuhura ndiyo.

Kesho nitakusindikiza hadi kituoni, nitapandisha sanduku lako, nitamwangalia dereva vizuri. Lakini usishangae nisiposimama kupunga mkono mpaka basi lipotee. Tumepatana tukutane mapema pale ofisini, na Zuhura atakuwa amekwisha kufika.

Nakupenda, binti yangu, kuliko nilivyowahi kujua kusema.

Ni mimi baba yako,
Naguru.